Betri Kwanza, Salamu Baadaye

Nilimjua kwa sauti miaka miwili kabla sijamwona. Kwa hiyo ukiniuliza alifananaje, nitakwambia kwanza alivyosema, uso utakuja baadaye. Sauti yake ilikuwa nene kidogo kwa mwanamke, kavu, isiyo na haraka. Kila asubuhi saa mbili kamili ilitoka kwenye kisanduku cha redio koli juu ya meza ya zahanati yetu ndogo, upande wa Nyakatuntu, ikaita: "Namba Tisa. Hali."

Namba Tisa nilikuwa mimi, mkunga msaidizi, niliyekuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha kutosha wawili. Yeye alikuwa hospitali, mbali huko Karagwe, katika chumba chembamba kilichowahi kuwa stoo ya mashuka, na zahanati kumi na moja zilizotawanyika vilimani zilikuwa mikononi mwake. Watu wote walimwita Mama wa Redio. Alizaliwa wapi na kwa nani, sikumwuliza, wala yeye hakuwa mtu wa kukusimulia. Mimi namjua kwa kazi yake, na hiyo peke yake inanitosha kumshangaa mpaka leo.

Kazi yenyewe wengi hawakuielewa. Walidhani anakaa pale kupokea habari za watu tu: fulani amefariki, gari lije, dawa za malaria zimekwisha. Hizo alizipokea, na zilikuwa na daftari lake lenye jalada jeusi. Lakini alikuwa na daftari la pili, refu, la jalada la kijani, aliloliita Daftari la Hali, na hilo ndilo alilokuwa akilala nalo moyoni. Humo hukukuta habari ya mtu hata moja. Ziliandikwa habari za mitambo: betri ya nani imeshuka, waya wa nani umelegea, nani leo anasikika kama yuko ndani ya mtungi, nani ameitwa mara tatu hajaitika. Alisema anayekagua mkungu wa ndizi asikague baiskeli iliyoubeba atafika sokoni na mkungu kichwani.

Alikuwa na penseli tatu, amezichonga kwa wembe mpaka zinachoma. Ya kawaida ilikuwa ya habari za kujua tu, kwamba mtu amebadilisha fyuzi au amehamisha meza. Ya bluu ilikuwa ya jambo la kuangaliwa. Nyekundu ilikuwa ya jambo la kufanywa sasa hivi, na nyekundu aliiandika akiwa amesimama. Ndiyo, alisimama! Nilipofika hospitali kwa semina nikamwona kwa macho yangu, akisukuma kiti nyuma na kuinuka kabla penseli haijagusa karatasi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ukiandika nyekundu ukiwa umeketi utaendelea kuketi.

Sheria zake nyingine zilitutoa jasho. Ukimletea habari, aliweka alama ndogo pembeni, maana yake nimeiona. Lakini kuona si kufunga. Habari ya mtambo haikupigwa mstari mpaka mwenye mtambo mwenyewe aseme imekwisha, na yeye aamini. Mwenzetu wa Kanoni, kijana mcheshi aliyependa mambo ya mkato, waya wake wa antena ulikatika, akaufunga kwa kamba ya mgomba na kipande cha waya wa uzio, akatangaza kwa furaha kwamba umepona. Mama wa Redio akamjibu kwamba haujanyeshewa. Akaiacha habari wazi wiki tano, kila asubuhi akimkumbusha, mpaka mvua za masika zikashuka na waya ukaanguka palepale. Yule kijana akapanda juu kuufunga kwa koleo, akilaani chini kwa chini, na safari hiyo mvua iliponyesha haukuanguka. Siku iliyofuata mstari ukapigwa kwa rula.

Ukurasa ukijaa, habari ambayo haijafungwa haikuachwa nyuma. Aliihamishia ukurasa mpya, neno kwa neno, na daftari likijaa aliihamishia daftari jipya. Kila Jumamosi asubuhi, hospitali ikiwa imetulia, alikaa na kuzipitia zote, moja moja, kama mama anayechambua mchele. Kitu kilichojirudia kila siku hakukiandika upya. Aliongeza kijistari kimoja mbele yake, basi. Zahanati ya upande wa Bweranyange ililalamika mikwaruzo kila siku ya Mungu, na ilikuwa na vijistari vinavyojaza upana wa karatasi. Nilimwambia siku moja kwamba mimi ningekuwa nimeshaacha kuwasikiliza. Akanitazama. Akasema anayelia kila siku msikilize hivyohivyo, ili siku atakayonyamaza ujue.

Ajabu yake kubwa ni masikio. Zahanati nyingi hakuwahi kuzifikia, maana gari lilimtapisha. Hata safari ya kwenda mjini alijifunga mdomo kwa kitambaa na kufika akiwa kijivu. Lakini alitujua. Alijua Namba Nne wana kuku wanaoingia ndani. Alijua bati letu limetoboka upande wa dirisha, kwa sababu matone yalipiga beseni nikiwa nazungumza. Asubuhi moja alimkatiza mhudumu mmoja katikati ya sentensi akamwuliza ni pikipiki ya nani inayonguruma ukutani kwake. Ilikuwa ya katekista, amekuja kusalimia. Akaambiwa ahamishe pikipiki, na mikwaruzo iliyowasumbua mwezi mzima ikaisha. Katekista alieneza habari kwamba hospitali kuna mama anayeona. Mimi Mlutheri, siamini mambo hayo, lakini kwa wiki kadhaa nilikuwa nikichana nywele kabla ya saa mbili.

Sasa nije kwenye salamu, maana ndiko kidonda changu kilipo.

Kwetu mtu akikuuliza *amakuru*, habari, unajibu *marungi*, nzuri. Jiko limeungua, marungi. Mama yako yuko kitandani wiki ya pili, marungi. Unakaribishwa, unakaa, unapewa kahawa ya kutafuna, ndipo polepole unaitoa ile iliyokuleta. Huo kwetu hauitwi uongo, ni adabu. Kumwangushia mtu habari mbaya akiwa bado amesimama mlangoni ni kumtupia mzigo hajakaa sawa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na siku ya kwanza kushika ile maikrofoni nilianza nilivyofunzwa: shikamoo Mama, mmeamkaje huko, watoto wazima? Sauti ikanikata.

"Namba Tisa. Usinisalimie. Niambie betri. Ovari."

Ovari, yaani amemaliza, zamu yangu kusema. Nilihisi nimepigwa kofi mbele ya zahanati kumi, kwa sababu wote walikuwa wanasikiliza. Jioni nilikula bila hamu. Nikamwona mwanamke mwenye majivuno, aliyesahau kwao. Baadaye yule kijana wa Kanoni alinituliza, akasema kila mmoja wetu alikaribishwa hivyo, na yeye alikaribishwa vibaya zaidi kwa sababu alianza na sala.

Basi fikiria mshangao wangu nilipokuja kumwona. Mwanamke mfupi, mnene, kitenge kimefungwa vizuri, viatu amevivua nje ya mlango wa chumba cha redio kama anaingia kanisani. Mchana tukatoka naye kwenda sokoni, mwendo wa dakika kumi, tukatumia saa nzima. Kila mtu alimsalimia, na kila mtu alisalimiwa mpaka mwisho: mke, watoto, ng'ombe, kibanja cha migomba, kikohozi cha mwaka jana. Wazee aliwapigia magoti, hata palipokuwa na tope. Kila mtoto mchanga alimwita mzuri, na wengine, Mungu anisamehe, hawakuwa wazuri. Nikamwambia kwa utani kwamba kumbe salamu anazijua. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema barabarani watu wana miguu, wakikosa neno watakufuata nyumbani. Kwenye redio mtu hana kitu ila sauti, na betri haina adabu.

Alikuwa na woga mmoja tu. Radi. Ikinguruma upande wa Rwanda, hata kwa mbali, alichomoa waya wa antena, akatoka nje, akakaa barazani na vidole masikioni, macho yamefumbwa. Huyo ndiye mwanamke aliyemkatiza daktari mkuu maneno bila kupepesa macho. Na hilo la daktari silisemi kwa kusikia tu, maana lilinihusu.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, vitu adimu, sabuni kwa foleni. Redio yetu ilitumia betri ya gari. Ikishuka, mlinzi wetu aliifunga kwenye baiskeli na kuipeleka misheni kwenye jenereta, akarudi nayo siku ya pili. Mwaka huo kwaya yetu ilijiandaa kwa mashindano ya sikukuu ya mavuno, na walikuwa na kaseti ya wimbo mgumu wa sauti nne, lakini mawe ya redio kaseti, zile betri ndogo, hayakupatikana popote. Wakanijia. Mimi nilikuwa soprano, na nilitaka tushinde. Nikawaazima betri ya zahanati jioni tano mfululizo.

Asubuhi baada ya ile jioni ya pili nikaona sindano ya kipimo cha betri imelala. Sauti ikaita: "Namba Tisa. Hali." Nikajua la kusema. Lakini betri ilikuwa imetoka kuchajiwa juma lilelile, angeuliza imekwishaje, na zahanati kumi zilikuwa zinasikiliza. Nikasema salama. Kesho yake nikasema salama. Siku ya tatu nikasema salama, nikajiahidi kwamba wimbo ukiisha tu nitaituma misheni.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, ukungu haujainuka, aliletwa mama mmoja kwa machela, mke wa kibarua Mrundi aliyelima vibanja vya jirani. Mimba ya tatu. Chupa ilikuwa imepasuka njiani. Nikampima, na badala ya kichwa nikakuta mkono. Mkono mdogo wa kushoto, umetangulia nje. Mtoto alikuwa amelala kimkingamo, na hapo mkunga wa zahanati hana lake. Anahitaji kisu cha daktari, na kabla ya mchana.

Nikasubiri saa mbili huku nimeshika mkono wa yule mama. Redio ikaamka. Kusikia hakuli betri sana, kwa hiyo nilimsikia vizuri akiita, Namba Moja, Namba Mbili, mpaka akafika. "Namba Tisa. Hali." Nikabonyeza kusema. Taa ikafifia, ikazima. Nikaachia, ikarudi. "Namba Tisa. Namba Tisa." Nikabonyeza, ikazima. Nilipiga kelele kwenye maikrofoni iliyokufa kama mwendawazimu. Ikarudi, nikamsikia akisema polepole:

"Namba Tisa kimya. Nimeandika."

Kisha akaendelea na Namba Kumi. Nilikaa sakafuni. Nilimtuma mlinzi kwa baiskeli, nikijua hatafika popote kabla ya alasiri. Nikarudi kwa mgonjwa, na mume wake akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha kama gari linakuja. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu linakuja. Adabu tena.

Na likaja. Saa tano kasoro nikasikia injini inapanda kilima, nikadhani ninaota. Landrova ya hospitali, dereva, muuguzi, na nyuma yake betri mpya imefungwa kwa kamba. Wakampakia yule mama bila kuuliza. Mimi nilibaki, kwa sababu kulikuwa na wengine wanasubiri na hakukuwa na mwingine wa kuwaona. Mama alipasuliwa akapona. Mtoto, msichana, alipona pia, ila mkono wake wa kushoto haukupata nguvu. Miaka yote iliyofuata nilimwona kisimani akijitwisha ndoo kwa mkono mmoja, na hakukupita Jumapili asinisalimie.

Dereva ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko. Gari asubuhi hiyo lilikuwa na wageni, tayari kwenda Bukoba, mizigo juu. Mama wa Redio akatoka na daftari la kijani, peku, akasimama mbele ya bampa. Daktari mkuu akamwambia kwamba betri ya Nyakatuntu imekwisha tu, watakwenda kesho. Akafungua ukurasa akamsomea. Siku ya kwanza, bluu: anasema salama, sauti inakataa. Siku ya pili, kijistari. Siku ya tatu, kijistari. Leo, nyekundu: kimya. Halafu akamwambia maneno ambayo dereva aliyashika yote, na mimi nimeyashika kutoka kwake.

"Daktari, huyu binti amenidanganya siku tatu kwa adabu. Mtu anayedanganya kwa adabu hataomba msaada hata nyumba ikiungua. Mimi ndiye nitakayemwombea."

Wageni wakashushwa mizigo.

Sijapata kumwogopa na kumpenda mtu kwa wakati mmoja kama yule. Kesho yake saa mbili nilikaa mbele ya redio nikingoja aniumbue mbele ya wote. "Namba Tisa. Betri?" Nikasema imejaa. Akangoja, kana kwamba ananipa nafasi. Akaenda Namba Kumi. Na hata nilipokwenda kwenye semina tukatembea naye sokoni, hakuligusa, na mimi sikuthubutu. Lakini tangu siku ile, wengine aliwaita "Hali", mimi peke yangu aliniita "Betri?". Miaka kumi na moja, kila asubuhi, nikadhani ni mzaha wake.

Alistaafu miaka ya tisini ilipofika katikati. Chumba cha redio akakabidhiwa kijana, na yale madaftari ya kijani yalitakiwa yachomwe. Aliyaomba. Aliyabeba akaenda nayo Bweranyange, kwenye kibanja alichoachiwa, akaishi na binti wa dada yake.

Nilimtembelea Novemba moja, msimu wa senene, nimebeba kikapu cha waliokaangwa na kipande cha sabuni. Nilimkuta kwenye kiti karibu na mlango, miguu imevimba, pumzi fupi. Nikapiga goti, shikamoo Mama. Marahaba mwanangu. Amakuru? Marungi. Tukaenda hivyo kwa nusu saa: wangu, wake, ng'ombe, migomba iliyoliwa na wadudu, yote marungi. Binti wa dada yake akaniambia pembeni kwamba ni uzee tu, wageni wote huambiwa hajambo.

Tulipokwisha kula, akaniomba nimletee daftari lililo juu kabisa ya kabati. Nikalifungua mapajani mwake. Mistari yote ilikuwa imekatwa kwa rula, safi, mpaka ukurasa wa mwisho alioandika kabla ya kustaafu. Hapo juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa bluu, haujakatwa, umehamishwa ukurasa hadi ukurasa na daftari hadi daftari miaka yote hiyo. *Na. 9. Anasema salama. Sauti inakataa.*

Nililia hapohapo, sioni aibu kusema. Yeye hakunitazama. Alingoja, kama alivyongoja asubuhi ile redioni.

"Mama, nilijua," nikasema. "Betri niliwaazima kwaya, wajifunze wimbo kwenye kaseti. Niliona imeshuka, nikasema salama, na nilijua. Yule mtoto mkono wake ni mimi."

Akauliza tuliimba wimbo gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema alto ya wimbo ule ni ngumu, hata wao, kwaya ya hospitali, uliwashinda. Kisha akanyoosha mkono nimpe penseli. Rula haikuwapo. Akakata mstari kwa mkono mtupu, ukapanda na kushuka kama njia ya kwetu. Akafunga daftari. Akasema sasa niende, jua linashuka na barabara ina utelezi.

Nikachukua kikapu. Nikafika kizingitini, nikasikia ile pumzi nyuma yangu. Nikageuka.

"Mama," nikasema. "Sikusalimii. Betri?"

Akatazama migomba, na nilidhani atasema marungi.

"Nyekundu," akasema. "Tangu Jumapili nikilala sipati pumzi. Ovari."

Niliweka kikapu chini. Nikamwita binti wa dada yake amfungie nguo na shuka, nikakimbia barabarani kutafuta gari.